Furaha ndogondogo za Kitui na Makueni zilizofichwa mchangani

Katika kaunti za Kitui na Makueni, furaha hupimwa kwa vipimo vidogo. Hupimwa kwa mtungi wa lita 20 uliojaa kabla ya jua kuwaka, kwa bakuli la mbaazi mbichi zilizochemshwa kwa chumvi, kwa embe lililokatwa likakutwa halina funza, na kwa kiondo kilichofikishwa ukingoni baada ya siku nyingi za kusuka.

Mambo haya hayaandikwi sana magazetini. Ukambani hutajwa zaidi mvua inapokosekana, picha ya ng'ombe aliyekonda inapotafutwa, au magunia ya chakula cha msaada yanapopakuliwa mbele ya wanasiasa. Habari hizo ni za kweli, ila si kamili. Mkazi wa Mutomo au wa Kathonzweni haishi kila siku ndani ya taarifa ya ukame. Hupika, hucheka, husuka na kupanda, na katika shughuli hizo yamo mambo madogo yanayompa raha na kumfanya atafakari.

Anayeyachunguza mambo hayo moja baada ya jingine atagundua kwamba mengi yanategemea kitu kimoja ambacho watu wa mbali hukidharau, nacho ni mchanga uliolala katika mito mikavu.

Kabla ya kuufikia mchanga huo, yafaa kukumbuka miaka ya hivi karibuni ilivyokuwa. Kuanzia mvua za vuli za mwaka wa 2020 hadi zile za mwisho wa 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua haikutimia katika sehemu kubwa ya Kenya, Somalia na kusini mwa Ethiopia. Wataalamu wa hali ya hewa waliutaja ukame huo kuwa mbaya zaidi katika kipindi cha miaka 40. Kitui na Makueni, ambazo zimo katika orodha ya kaunti 23 kame za Kenya, hazikusazwa. Mvua ziliporejea mwaka wa 2023, zilimalizia mwaka huo kwa El Nino na mafuriko yake. Kwa hivyo, watu wale wale waliolilia maji walijikuta wakiyakimbia.

Jamii ya Wakamba ina desturi ya kuipa kila njaa kuu jina. Ile ya mwishoni mwa karne ya 19 iliitwa Ngomanisye, kwa kuwa ilienea kila mahali bila kumwacha mtu. Njaa ya miaka ya 1980 iliitwa Nikwa Ngwete, maana yake "nafa nikiwa nimeshika". Kilichoshikwa kilikuwa pesa. Mtu alikuwa na noti mkononi lakini sokoni hapakuwa na nafaka ya kununua.

Jina hilo linaeleza mengi kuhusu namna watu wa sehemu hizi wanavyokadiria utajiri. Mahali ambapo pesa zenyewe zimewahi kukosa thamani kwa siku kadhaa, mtu hujifunza kutodharau kibaba cha kunde kilichomo ndani ya nyumba. Si kwamba watu hawa hawatamani makubwa. Wanayatamani kama wengine wote, na watoto wao wamejaa katika vyuo vikuu na maofisi ya Nairobi. Ila wanajua kipi kinachoweza kuliwa.

Msimu unaotegemewa zaidi Ukambani ni wa vuli, yaani Oktoba hadi Desemba, na mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote ni Novemba. Jambo hili huwashangaza wageni kutoka nyanda za juu, waliozoea kuiona masika ya Machi hadi Mei kuwa ndiyo mvua yenyewe. Kitui na Makueni masika ni bahati nasibu. Mkulima huiweka tamaa yake yote katika vuli, na wengi hupanda mbegu ardhi ikiwa bado kavu ili tone la kwanza lisipotee bure.

Ndiyo maana wiki ya kwanza ya mvua ina shamrashamra ambayo mtu wa mjini hawezi kuielewa kwa urahisi. Harufu ya vumbi lililolowa huingia ndani ya nyumba. Kumbikumbi hutoka ardhini kwa maelfu jioni, na watoto huwakimbilia kwa mabakuli. Wengine huliwa papo hapo, wengine hukaangwa bila mafuta kwa kuwa wana mafuta yao wenyewe. Wiki chache baadaye, majani ya kunde huwa tayari kuchumwa. Hiyo ndiyo mboga ya kwanza ya kijani baada ya miezi ya kula nafaka kavu, na hakuna aliyeionja katika hali hiyo atakayeiita chakula cha maskini.

Shambani, maji ya mvua hiyo hunaswa na matuta ambayo wataalamu wa kilimo duniani huyaita kwa jina la Kiswahili, "fanya juu". Mfereji huchimbwa kukingama mteremko, na udongo wake hurushwa upande wa juu ili kujenga tuta. Miaka inavyopita, udongo unaosombwa hukwama nyuma ya tuta na mteremko hugeuka kuwa ngazi. Milima ya Mbooni na Kilungu imejaa ngazi za aina hiyo. Baadhi ya matuta ya mwanzo yalichimbwa enzi za ukoloni kwa kulazimishwa, na wazee wengi waliyachukia. Baada ya uhuru watu waliyachimba kwa hiari, walipoona kwamba mahindi yaliyo nyuma ya tuta hubaki kijani wakati mengine yamenyauka.

Lakini mvua ya Ukambani ni ya haraka. Hunyesha kwa nguvu saa chache, mito ikafurika, na kesho yake asubuhi maji yamekwisha kwenda zake kuelekea mto Athi na mto Tana. Tiva, Thua, Kaiti na mingineyo huwa mito kwa siku chache na barabara za mchanga kwa miezi mingi. Mgeni akivuka daraja mwezi wa Septemba hudhani mto umekufa.

Haukufa. Miamba ya eneo hili ni ya kale sana, na inapomomonyoka hutoa mchanga wenye chembe kubwa. Kati ya chembe na chembe kuna nafasi, na nafasi hizo hushika maji. Anayetaka kuhakikisha anaweza kuchukua ndoo ya lita 20, aijaze mchanga mkavu wa mtoni hadi juu, kisha aimimine maji polepole. Ndoo hiyo "iliyojaa" itapokea kati ya lita tano na nane kabla ya kumwagika. Ukizidisha kiasi hicho kwa urefu, upana na kina cha mto mzima, utaelewa ni ghala la namna gani linalokanyagwa na mbuzi kila siku.

Ghala hilo lina faida ambayo bwawa la kawaida halina. Maji yaliyo wazi juani hukauka haraka, hasa katika nchi yenye joto na upepo kama Kitui ya mashariki. Maji yaliyo mchangani hukauka tu yale ya juu. Yakishuka chini ya kiasi cha mita moja, jua haliyafikii tena. Mbu hawawezi kutaga mayai humo. Uchafu mwingi huchujwa njiani. Ndovu wa Tsavo, ambao ni majirani wa kaunti zote mbili, wanaijua siri hii na huchimba mashimo kwa miguu na mikonga yao wakati wa kiangazi. Binadamu hutumia kata na jembe.

Tatizo ni kwamba katika mito mingi mchanga ni haba au maji yake huteleza chini yakaenda. Hapo ndipo lilipozuka wazo la kujenga ukuta wa mawe na saruji kukingama mto, ukuta uliokaa juu ya mwamba ili maji yasipenye chini yake. Mto unapofurika, mchanga mzito huzama nyuma ya ukuta, na tope jepesi hupita juu na kwenda. Baada ya msimu mmoja au zaidi, nyuma ya ukuta huwa hapana bwawa linaloonekana kwa macho, bali uwanja wa mchanga uliojaa maji ndani yake. Kisima chenye pampu ya mkono huchimbwa kando, au bomba hupitishwa ukutani.

Kuta za aina hii zilianza kujengwa Ukambani kabla ya uhuru, lakini zilienea kutokana na juhudi za wananchi wenyewe. Mwaka wa 1978, Joshua Mukusya na majirani zake walianzisha kikundi cha Utooni huko Machakos, wilaya ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni. Makueni ilipata wilaya yake mwaka wa 1992. Kikundi hicho kilikua kikawa shirika lililosaidia vijiji vingi kujenga mabwawa ya mchanga. Upande wa Kitui, shirika la SASOL lilianza kazi kama hiyo katika miaka ya 1990 na kujenga mamia ya kuta, kwa lengo la kuifupisha safari ya maji hadi isizidi kilomita mbili.

Kilomita mbili! Kwa mwenye bomba jikoni, hiyo yaonekana adhabu. Kwa mwanamke aliyekuwa akiondoka nyumbani alfajiri akimswaga punda mwenye mitungi minne na kurejea mchana, ni sawa na kurudishiwa nusu ya maisha.

Kazi yenyewe hufanywa kwa mwethya, utaratibu wa zamani wa Wakamba wa kusaidiana kwa zamu, ambapo leo majirani hulima shamba la huyu na kesho la yule. Wanakijiji, wengi wao kina mama, hukusanya mawe, huchimba hadi kwenye mwamba na kubeba maji ya kuchanganyia saruji. Saruji, vyuma na fundi ndivyo hutoka nje. Huimba wanapofanya kazi, na hakuna haja ya kulifanya jambo hilo kuwa la kishairi. Kubeba mawe kwa kutwa nzima bila wimbo ni taabu tupu.

Isidhaniwe kwamba kila ukuta hufanikiwa. Tafiti zimeonyesha kwamba baadhi huvuja kwa chini kwa sababu fundi hakuufikia mwamba, na baadhi hujaa tope badala ya mchanga kwa sababu mto huo haukuwa na mchanga wa kutosha au ukuta ulipandishwa juu mno kwa mara moja. Mafundi wenye uzoefu huujenga kwa hatua, wakingoja mafuriko ya kila msimu yalete mchanga kabla ya kuongeza kimo. Wafadhili wanaotaka kupiga picha ya ukuta uliokamilika katika mwaka mmoja wa bajeti hawapendi hatua hizo.

Pale ukuta unapofaulu, mabadiliko huanzia katika saa za siku. Asubuhi iliyokuwa ya maji inakuwa ya kitu kingine. Msichana hufika shuleni kabla ya kengele. Bustani ya sukuma wiki na nyanya huchomoza kando ya mto, ikiwa imezungushiwa matawi ya miiba. Na mikono ya kina mama, ambayo haijazoea kukaa bure, huurudia mkonge.

Usukaji wa kiondo, au kyondo kama kinavyoitwa kwa Kikamba, ni kazi inayofanyika huku mtu akitembea, akizungumza au akingoja gari. Mwanamke hubeba kamba za mkonge kwapani, vidole vikisokota na kupitisha bila macho kuangalia. Zamani nyuzi zilitolewa pia katika maganda ya miti, mbuyu ukiwa mmoja wao, na rangi zikapatikana katika mizizi na magome. Katika miaka ya 1980 viondo vilivuma Ulaya na Marekani, kisha vikaja vya kuigiza vilivyotengenezwa kwa nyuzi za viwandani na bei ikaanguka. Usukaji haukufa, kwa kuwa haukuwa wa biashara pekee. Kiondo hubeba zawadi kinapokwenda ukweni, na mara nyingi chenyewe ndicho zawadi.

Inafurahisha kumtazama msukaji anapoanza kitako. Huwa ni nyuzi chache zilizopishana katikati, kitu ambacho mtu angeweza kukifagia akidhani ni takataka. Duara huongezwa juu ya duara. Kwa muda mrefu hakuna kinachoonekana kuongezeka, hadi siku moja mfuko unasimama wenyewe. Wanaosema kwamba furaha ya siku hizi inatokana na kupata vitu kwa haraka hawajamwona mtu akikata uzi wa mwisho wa kiondo.

Jikoni nako maji ya karibu yamerudisha chakula kilichokuwa kikikwepwa kwa ajili ya usumbufu wake. Muthokoi ni mahindi yaliyotwangwa kinuni yakiwa yamelowa kidogo, maganda yakatolewa, kisha yakachemshwa pamoja na maharagwe, kunde au mbaazi. Hudai maji mengi, kuni nyingi na saa kadhaa za moto. Siku hizi mashine za kukoboa zimepunguza kazi ya mchi, ingawa wapo wanaoapa kwamba muthokoi wa mashine hauna ladha ile. Ubishi huo unaendelea katika kila arusi na matanga na hauelekei kwisha.

Chakula hiki kinaficha busara ambayo watu waliijua kwa mazoea kabla sayansi haijaisema. Mwaka wa 2004, sumu ya aflatoksini inayotokana na kuvu iliwaua watu 125 nchini Kenya, wengi wao kutoka Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Huo ni miongoni mwa mikasa mibaya zaidi ya sumu hiyo kuwahi kurekodiwa popote. Watafiti waliochunguza utayarishaji wa muthokoi baadaye waligundua kwamba kukoboa hupunguza kiasi kikubwa cha sumu hiyo, kwa kuwa sehemu yake kubwa hukaa katika ganda na kiini. Hakuiondoi yote, mahindi yaliyooza hubaki kuwa hatari hata yakikobolewa mara mbili. Hata hivyo, tangu mwaka huo, sauti ya punje kavu zikigongana ndani ya debe ni sauti ya kutuliza moyo katika nyumba nyingi. Mtu huing'ata punje moja, huisikiliza ikilia kati ya meno, na hulala salama.

Maembe yana kisa chao. Makueni ni miongoni mwa kaunti zinazoongoza nchini kwa zao hilo, na msimu wake mkuu huanza Novemba hadi Machi. Iko miembe ya kienyeji yenye matunda madogo ya nyuzinyuzi, na iko ya kupandikizwa kama Apple, Kent na Ngowe. Mwaka wa 2003 aina mpya ya nzi wa matunda kutoka Asia ilibainika nchini, na muda si muda akawa adui mkubwa wa wakulima. Jike hutoboa ganda la embe na kutaga mayai ndani. Nje tunda hubaki kupendeza. Mwaka wa 2014 Kenya ilijizuia yenyewe kupeleka maembe katika soko la Umoja wa Ulaya kwa sababu ya nzi huyo, na safari hizo zikaanza tena mwaka wa 2021, baada ya maeneo kadhaa, yakiwemo ya Makueni, kuweka mitego na kuzika matunda yaliyoanguka. Kiwanda cha kusindika matunda kilifunguliwa Kalamba mwaka wa 2017.

Kwa hivyo kulikata embe likawa safi hadi kwenye kokwa si jambo dogo kwa aliyelipanda. Mtoto anayelila mtini hajui hayo, wala hana sababu ya kuyajua, juisi ikimtiririka hadi kwenye viwiko.

Ni vyema pia kukiri kwamba mto huu unaosifiwa unaweza kuua. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililowabeba wanakwaya waliokuwa wakielekea arusini lilisombwa na mto Enziu karibu na Mwingi, na zaidi ya watu 30 wakafa maji. Mto huo, kama mingine, huwa mkavu kwa sehemu kubwa ya mwaka, na pengine ukavu huo ndio huwafanya watu waudhanie mpole.

Hatari nyingine huja polepole na haina kelele za maji. Nairobi imekuwa ikijengwa usiku na mchana kwa zaidi ya miaka 20, na saruji haina kazi bila mchanga. Malori yalianza kuingia katika mito ya Makueni, Machakos na Kitui, mengi yakichota usiku. Mchanga ukiondolewa, ghala la maji huondoka pamoja nao. Kingo hubomoka, mwamba hubaki uchi, na mwanamke aliyekuwa akichimba kwa kata hujikuta akitembea tena kilomita zile alizokuwa amezisahau. Mkasa huu una sura mbili, kwa kuwa wanaopakia malori hayo kwa sepetu ni vijana wa vijiji vile vile, ambao hawana kazi nyingine na hulipwa siku hiyo hiyo. Ugomvi wa mchanga umewahi kumwaga damu Makueni. Mmoja wa waliouawa alikuwa afisa wa polisi, mwaka wa 2011.

Mwaka wa 2015 bunge la kaunti ya Makueni lilipitisha sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga, na kuunda mamlaka ya kuamua ni wapi unaweza kuchotwa na wapi hauguswi. Kitui nayo, mnamo Januari 2018, ilipiga marufuku usafirishaji wa makaa na mchanga nje ya kaunti wakati wa utawala wa Gavana Charity Ngilu. Hatua hizo zilizua malalamiko miongoni mwa wafanyabiashara, na utekelezaji wake umekuwa na panda shuka. Lakini zilibadilisha jambo moja la msingi, kwamba mchanga, ambao awali ulionekana kuwa mali isiyo na mwenyewe, ulianza kuhesabiwa kuwa mali ya umma.

Tatizo hili si la Ukambani pekee. Mwaka wa 2022, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake yako Nairobi, lilikadiria kwamba dunia hutumia tani bilioni 50 za mchanga na kokoto kila mwaka. Mchanga wa jangwani haufai sana kwa ujenzi kwa sababu chembe zake zimesuguliwa na upepo hadi zikawa laini mno. Unaotakiwa ni wenye chembe za kukwaruza, kama ule wa mito ya Kitui. Sifa ile ile inayoufanya uhifadhi maji ndiyo inayoufanya utamaniwe na wajenzi.

Serikali imeweka tumaini lake katika bwawa kubwa la Thwake, pale mto Thwake unapokutana na Athi mpakani mwa kaunti hizi mbili. Ujenzi ulianza mwaka wa 2018, na ukuta wake una kimo cha zaidi ya mita 80. Ni mradi wa kutumainiwa. Hata hivyo, maji ya bwawa huhitaji mabomba, pampu na stima ili yapande hadi vijijini, na vijiji vya Kitui, kaunti yenye ukubwa wa takriban kilomita mraba 30,000, vimetawanyika mno. Kwa wengi wao, maji ya kesho asubuhi yatatoka mahali yalipotoka leo.

Namna ya kuyateka ina utaratibu wake. Shimo huchimbwa kwa mikono katikati ya mto, mahali ambapo mchanga una ubaridi unapoguswa. Maji ya kwanza yanayochuruzika huwa na tope, nayo humwagwa. Ya pili hutumika kuoshea mtungi. Kisha watu hukaa kando wakingoja, wakizungumza habari za watoto, bei ya ndengu na nani kapata mjukuu, hadi shimo lijae tena na maji yatulie na kuonyesha chini. Hapo kata huingizwa taratibu ili mchanga usitibuliwe. Mifugo hunyweshwa katika shimo jingine, upande wa chini wa mto, na kabla ya kuondoka mtu wa mwisho huziba la binadamu kwa tawi la miiba.